Waya Unaoujua Ndio Unaoua

Maneno niliyowaambia wakulima wa mpunga wa bonde la Usangu, Mbarali, siku chache kabla ya ndege ya kunyunyizia kwelea kwelea kuingia.

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa skimu, watendaji wa vijiji, wazee wangu, shikamooni. Mama zangu na dada zangu, poleni na kuamia, kuwafukuza ndege mashambani. Vijana mliotoka mashambani moja kwa moja na matope yenu miguuni, asanteni kwa kuja.

Najua mnachotaka kusikia. Mnataka kujua ndege inaingia lini, na kama sumu ya mwaka huu itawamaliza kwelea kwelea au itawatawanya tu wahamie kwa jirani. Hayo atayasema bwana shamba, na atayasema vizuri kuliko mimi. Mimi nimeomba niseme habari ya nyaya za umeme, kwa sababu nimeisoma ratiba ya leo yote na sikuona mahali zilipotajwa.

Mimi si rubani. Kwa miaka 22 nilikuwa mtu wa chini. Kazi yangu ilikuwa kuyatafuta malalo ya kwelea, kupima upepo, kupakia sumu kwenye tangi la ndege, na zamani, kabla ya vyombo vya setilaiti, kusimama mwisho wa shamba na bendera nyeupe ili rubani aone mstari wake. Ndege ikikupita juu ya kichwa unausikia upepo wake shingoni. Nimewaona marubani wakiondoka na nimewaona wakirudi, na jioni moja nilimwona mmoja akirudi kwa namna ambayo nitawasimulia.

Kwanza tuelewane kwa nini ndege inakuja jioni. Kwelea mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, hajai hata kiganjani, lakini kwa siku anamaliza nafaka ya gramu 10. Kundi la kwelea milioni moja, na hilo si kundi kubwa kwao, linakula tani 10 kwa siku moja. Mchana wametawanyika, huwezi kuwanyunyizia. Wanakusanyika jua linapozama, wakirudi kulala kwenye matete au kwenye miti ya miba. Basi ndege nayo inangoja saa hiyo hiyo. Inaruka ikiwa chini kabisa, juu kidogo ya vichwa vya matete, na kazi yote lazima iishe ndani ya dakika chache kabla giza halijaingia.

Sasa tazameni hesabu ya hilo. Ndege ya kunyunyizia inakwenda kama kilomita 216 kwa saa. Hizo ni mita 60 kwa sekunde moja. Kutoka nguzo moja ya umeme hadi ya pili hapa kwetu ni kama mita 100. Kwa hiyo rubani akiuona waya ukiwa mbele yake kwa umbali huo wa nguzo moja hadi ya pili, ana chini ya sekunde 2 za kuona, kuamua, kuvuta usukani, na kuisubiri ndege yenyewe, yenye tangi zito la sumu, iitikie. Haitoshi. Nawaambia kwa yakini, haitoshi. Rubani wa kunyunyizia hategemei macho yake kuukwepa waya. Anategemea kuujua kabla hajaondoka.

Na macho yenyewe jioni hayasaidii. Ninyi mnaokaa kwenye madungu mnalijua hili kuliko mhandisi yeyote, ila pengine hamjalitafakari. Leo jioni ukiwa juu ya dungu lako, tazama kwanza upande wa mashariki, utauona waya wa barabarani umechoreka vizuri kabisa angani. Kisha geuka, tazama jua linakozama, utafute waya huo huo unavyoendelea upande wa pili. Hutauona. Utaziona nguzo, na zile za mti zilizofubaa utazichanganya na mikaratusi. Waya wenyewe, ambao unene wake ni kama kidole chako cha mwisho, umemezwa na mwanga. Rubani ana tatizo hilo hilo, ila yeye kuna kioo chenye vumbi na matone ya sumu mbele yake.

Ndiyo maana marubani wazuri hawatafuti waya, wanatafuta nguzo. Nguzo ina vikombe juu yake, vile vinavyoshika waya, na jinsi vikombe vilivyokaa ndivyo unavyojua waya unaelekea wapi. Nguzo yenye stei, ule waya wa kukazia unaoshuka hadi ardhini, inamwambia rubani kwamba hapo laini inakata kona au inaishia, au kuna tawi linachepuka. Na akilazimika kuvuka laini anavukia juu ya nguzo, havukii katikati, kwa sababu kilele cha nguzo anakiona na anajua waya hauwezi kuwa juu zaidi ya hapo. Nguzo ikijificha nyuma ya mwembe, elimu yote hiyo inapotea. Mwembe mmoja tu.

Niwarudishe nyuma kidogo. Ndege ya kwanza kunyunyizia sumu ya wadudu iliruka tarehe 3 Agosti 1921 kule Ohio, Marekani. Rubani alikuwa mwanajeshi anaitwa John Macready, na aliwanyunyizia viwavi waliokuwa wanamaliza majani ya shamba la miti. Wakati huo vijiji vingi vya Marekani vilikuwa gizani, umeme ulikuwa jambo la mjini. Mwaka 1935 serikali yao ikaanzisha chombo cha kupeleka umeme vijijini, na kifupi cha jina lake kilikuwa REA, herufi zile zile tunazoziita hapa kwetu. Nguzo zikaanza kupita katikati ya mashamba ambayo marubani walikuwa wameyazoea yakiwa wazi. Ndege ilitangulia, waya ukaikuta.

Kwetu ni hivyo hivyo, ila kwetu imekwenda kasi zaidi. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA yetu, ulianza kazi mwaka 2007. Leo vijiji vya Tanzania Bara, vyote 12,318, ni kama vyote umeme umefika, na sasa kazi imehamia kwenye vitongoji. Nafurahi. Nimesomea koroboi, siwezi kumsikitikia mtu aliyewasha taa. Lakini fikirini maana yake kwa ndege. Laini ya kwenda makao makuu ya kijiji inafuata barabara, na barabara rubani anaiona. Laini ya kwenda kitongojini inakata shambani. Inavuka mfereji, inapita pembeni ya matete, inaishia kwenye mashine ya kukoboa au kwenye pampu. Kila msimu kuna nguzo ambazo msimu uliopita hazikuwepo, na ramani ya rubani aliyekuja mwaka juzi imekuwa karatasi ya kufungia karanga.

Sasa nisimulie. Sitataja mkoa wala kikosi.

Asubuhi ya siku ile tulizunguka eneo lote kwa pikipiki mbili, mimi na rubani, pamoja na kijana wa kijiji. Rubani alikuwa mtu mzima, mtaratibu, tulimwita Kapteni. Hatukuwa na karatasi kubwa, tukachana mfuko wa saruji tukachora ramani upande wa ndani. Tuliweka nyaya tatu: ya barabarani, ya mashine ya mpunga, na ya pampu. Ya pampu ilikuwa fupi, nguzo nne tu. Kapteni alisimama chini yake, akaitazama, akaweka alama kwa kalamu nyekundu. Naikumbuka alama hiyo hadi leo.

Jioni kazi ilikwenda vizuri. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Kwelea wanaanguka. Watu wamejaa kwenye tuta wanashangilia. Kapteni akapaa, akageuza kichwa cha ndege kurudi uwanjani. Hapo mwenye shamba moja akanishika mkono, mtu ambaye alikuwa amepoteza nusu ya mpunga wake, akanionyesha pembe moja ya matete ambako kwelea bado walikuwa wanatua kama moshi. Akaniambia, "Kaka, kile kipande kimebaki. Mwambie arudi. Kesho watakuwa kwangu." Nilikuwa na redio mkononi. Nikabonyeza nikasema, "Kapteni, kimebaki kipande upande wa pampu."

Nilisema pampu. Sikusema waya.

Akageuza. Jua lilikuwa usoni kwake. Nikaona mwako wa buluu, na sauti ikaja baadaye kidogo, kama kanga mpya inayochanwa. Ndege ikainamisha bawa, ikayumba, nikadhani imekwisha, kisha ikanyooka. Watu kwenye tuta walikuwa wamenyamaza. Nilipofika uwanjani alikuwa ameshatua na amezima injini. Kwenye mguu wa kushoto wa gurudumu waya wa alumini ulikuwa umejiviringisha mara mbili, nyuzi zake zimefumuka kama kamba ya katani iliyokatika, na mkia wake wa mita kadhaa umeburuzwa vumbini. Rangi ya mguu ilikuwa imekwanguliwa hadi chuma kinang'aa.

Kapteni alishuka, akaizunguka ndege mara moja, hakusema neno. Akaniomba maji. Nilimpa kikombe, na maji yakamwagika yote kabla hayajafika mdomoni, mkono ulikuwa unatetemeka kiasi hicho. Nilimshikia kikombe akanywa. Ndipo akasema, "Ule waya nilikuwa naujua."

Neno hilo halijanitoka. Kwa miaka mingi nilidhani ni bahati mbaya ya siku ile, ya Kapteni na mimi. Baadaye nikakuta kwamba Australia, nchi yenye marubani wengi wa kunyunyizia na wenye uzoefu mkubwa, chombo chao cha kuchunguza ajali za usafiri kiliwahi kukusanya matukio ya ndege kugonga nyaya. Katika asilimia 63 ya matukio hayo rubani alikuwa anajua waya ulipo kabla ya kuugonga. Zaidi ya nusu. Hawakugonga waya uliojificha. Waliuona asubuhi, na jioni akili ikawa kwenye upepo, kwenye tangi linaloelekea kuisha, kwenye kipande kilichobaki, kwenye sauti ya mtu redioni.

Basi watu huuliza, kwani ndege hazina kinga? Zinayo. Ndege nyingi zilizoundwa maalumu kwa kazi hii zina visu vya chuma mbele ya kioo na kwenye miguu ya magurudumu, vya kukata waya. Zina pia kamba ya chuma iliyofungwa kutoka juu ya chumba cha rubani hadi kwenye ncha ya mkia, ili waya uteleze juu yake usimkate rubani wala usinase mkia. Mguu wa ndege ya Kapteni ulikuwa na kisu hicho, na naamini ndicho kilichomrudisha nyumbani. Lakini kisu kinakata waya ukikutana nacho. Ukikutana na bawa, au ukiwa mnene kuliko ule wa pampu, kisu hakina habari.

Siku hizi kuna ndege nyuki, zisizo na mtu ndani, na tayari zimeanza kutumika kwa kwelea. Nazifurahia mno kwa sababu hiyo moja tu, kwamba ikigonga waya hakuna mke atakayepigiwa simu. Ila tangi lake ni dogo, na malalo makubwa ya matete bado yanahitaji ndege yenye rubani. Kwa hiyo msimu huu mtu anakuja, ana damu na nyama, na atapita juu ya mashamba yenu.

Tangu jioni ile, kila kikosi nilichofanya nacho kazi nilikiomba kitu kimoja, na leo nawaomba ninyi. Nyaya ziitwe. Dakika chache kabla rubani hajawasha injini, mtu mmoja wa eneo lenyewe anasimama mbele yake na kuzitaja kwa sauti: waya wa barabarani, kutoka daraja hadi kanisani. Rubani anarudia. Waya wa mashine, nguzo sita, unaishia kwenye transfoma. Rubani anarudia. Hata kama asubuhi ameziona zote, hata kama mwaka jana alikuwa hapa. Na akiwa angani, mtu wa redio asitaje mahali bila kutaja waya wake. Haisemwi "upande wa pampu". Inasemwa "upande wa pampu, kuna waya".

Kwa nini mtu wa eneo, kwa nini si mimi au bwana shamba? Kwa sababu sisi tunazijua nguzo zilizoandikwa. Ninyi mnazijua zote. Mnaijua ile iliyosimikwa wiki mbili zilizopita na bado haijawekwa waya, na kesho utawekwa. Mnaujua mnara wa simu na stei zake, ambazo zinashuka mbali na mnara kuliko mgeni anavyodhani.

Na hapa nataka kusema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Kuna mtu katika bonde hili amevuta umeme wa pampu yake kwa nguzo za miti aliyokata mwenyewe, na nusu ya waya umelala juu ya minyaa. Huenda ni zaidi ya mmoja. Simtafuti. Sina mita, sina faini, sina daftari la mtu yeyote. Lakini waya huo haumo kwenye ramani yoyote duniani, na uko chini kiasi kwamba ndege itaukuta kabla ya kuyafikia matete. Ndugu yangu, njoo uniambie usiku, njoo umtume mtoto, andika kwenye kikaratasi uweke chini ya jiwe mlangoni kwa mtendaji. Ukinyamaza ili kuficha umeme, utakuwa umeficha kaburi la mtu.

Jambo la pili ni kile kipande kinachobaki. Nawaelewa. Nilikuwa nimesimama na yule bwana, nilimwona uso wake, alikuwa na watoto watano na mkopo wa mbolea. Lakini rubani akipaa na kugeuka kwenda uwanjani, kazi ya siku hiyo imekwisha. Msimpungie nguo, msimpigie filimbi, msimshike mtu wa redio mkono. Kipande kitangoje jioni ya pili. Tutawaamia hao waliobaki kwa debe na teo kama tulivyofundishwa na bibi zetu, siku moja zaidi.

Na ikitokea waya umekatika, tafadhali mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu mashamba yetu yana maji. Waya uliolala chini mhesabu una umeme hata kama hautoi cheche wala sauti. Kaeni mbali, mita 10 au zaidi, na mpigieni simu TANESCO kwanza. Ukijikuta tayari uko karibu usikimbie kwa hatua ndefu. Umeme unatawanyika ardhini, na mguu mmoja ukiwa karibu na waya na mwingine mbali, unapita mwilini mwako kutoka huu hadi ule. Bana miguu pamoja, buruza unyayo kwa unyayo hadi utoke. Na ndege ikianguka, najua moyo utawatuma kukimbilia kumtoa rubani. Tazameni kwanza kama kuna waya juu yake. Kisha simameni upande upepo unakotoka, kwa sababu sumu ya kwelea inaingia hata kwa ngozi. Habari ya kuwaokota ndege waliokufa kwa sumu na kuwapika bwana shamba atawaeleza. Msikilizeni.

Kapteni aliruka tena wiki mbili baadaye. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko angenitukana. Ila kila jioni kabla ya kupanda alikuwa ananiita, "Haya, niitie," na mimi nazitaja moja moja, na yeye anarudia amefumba macho, akizipanga kichwani.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunaanzia pale mashine ya mpunga. Kila kitongoji kitoe mtu mmoja anayezijua nguzo zake, na nitafurahi zaidi akiwa ni mtu wa kuamia, mtu wa dunguni, kwa sababu yeye amekaa kwenye usawa wa rubani msimu mzima. Njooni na buti au bila buti, kuna mahali tutavuka mfereji. Karatasi kubwa nimekuja nayo safari hii, na kalamu nyekundu ninayo.

Mama pale nyuma mwenye kilemba cha kijani, nimekuona umenyoosha mkono tangu nilipotaja nguzo mpya. Simama mama yangu, utuambie iko wapi. Naanza kuchora na hiyo ya kwako.